Lipiko linatoa unga, barua zimepigwa laminesheni: tuanzie wapi?

*"Mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Mikindani. Mwaka jana watu tisa tulipewa chumba kimoja kwenye nyumba ya zamani ya mawe, tukusanye vitu vya kale kabla havijapotea. Tumepata lipiko moja la Kimakonde, kile kinyago cha kuvaliwa kwenye ngoma ya jando, barua za Kiswahili cha herufi za Kiarabu, picha, vibao vya mbuzi, majembe, sarafu za heller za Mjerumani na fremu ya mlango wa nakshi. Sasa kila asubuhi tunakuta unga chini ya lipiko. Mzee wetu mmoja, ana miaka themanini na kitu, anasema tulianike juani kisha tulipake oili chafu. Mwenzake anasema mafuta ya maganda ya korosho. Ukuta unatoa chumvi, vitu vimeanza koga, na kijana mmoja amenyunyiza salfa ya mikorosho chumba kizima. Barua mbili vijana wameshazipiga laminesheni. Shule zinataka kuleta watoto, lakini wapo wanaosema lipiko halionwi na mwanamke wala mtoto. Vijana wa kujitolea wanakuja wiki mbili, wanapotea. Na mgeni mmoja ametutajia bei ya mlango. Tuanzie wapi? Na hii kazi tunaiweza kweli?"*

Shikamoo Mwalimu. Mnaiweza. Nimefanya kazi ya kutunza mikusanyo kwa miaka mingi, na vitu nilivyoviona vikiharibika mikononi mwa watu wenye haraka ya kuviokoa ni vingi kuliko vilivyoliwa na wadudu. Mimi mwenyewe, nikiwa kijana, niling'arisha sarafu kwa ndimu na majivu mpaka ikawa kama ya jana. Mkubwa wangu aliitazama, akanirudishia bila kusema neno. Maandishi yaliyokuwa yamebaki kwa mbali yalikuwa yametoka pamoja na uchafu. Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwamba kwa wiki mbili hizi msipake chochote, msianike chochote, msing'arishe chochote.

Tuanze na unga, maana ndio unaokunyima usingizi. Chukua kidogo kwenye kidole, usugue. Kama ni laini kama unga wa muhogo, huyo ni bungua. Kama ni vijipunje vigumu vidogo mno, mithili ya mbegu, ni mchwa wa mbao kavu, yule anayeishi ndani ya mti wenyewe bila kuhitaji udongo. Na kama kuna vijia vya udongo vinavyopanda ukutani, huyo ni mchwa wa ardhini, na tatizo lako lipo kwenye nyumba kabla ya kuwa kwenye kinyago. Nahisi wenu ni bungua, lakini hakikisheni.

Watu wengi hudhani kitundu cha bungua kwenye mti ni mlango wa kuingilia. Ni wa kutokea. Mama hutaga mayai kwenye ufa au kwenye vinyweleo vya mti, mtoto anakula huko ndani miezi, pengine miaka, na siku akikomaa ndipo anatoboa na kuruka. Kwa hiyo kinyago chenye vitundu mia kinaweza kuwa hakina mdudu hata mmoja aliye hai, na chenye vitundu vitatu kikawa kimejaa. Tena kinyago kilicholiwa zamani huendelea kudondosha unga kila kinapotikiswa, hata kama wenye unga huo walikwisha ondoka. Kipimo chake hakina gharama. Lisafisheni kwa brashi laini, liwekeni juu ya karatasi nyeusi mahali ambapo hakuna mtu wa kuligusa, andikeni tarehe, mpige picha vitundu vyote. Baada ya wiki mbili angalieni. Unga mpya na vitundu vipya vyenye rangi ya mbao mbichi ndani, basi wapo. Karatasi ikibaki safi, mlikuwa mnasumbuliwa na vumbi la marehemu.

Tuseme wapo. Mzee anasema jua. Namwelewa, maana jua limetusaidia kwenye mahindi na dagaa. Lakini mti wa kinyago ukianikwa, nje hukauka na kusinyaa kabla ndani hakujakauka, na hapo ndipo unapopasuka. Bungua anarudi tu katikati, kwenye ubaridi. Kuna jambo jingine kubwa zaidi. Angalieni usoni kwa lipiko lenu. Mapiko mengi ya zamani yalipambwa kwa nta ya nyuki kuonyesha chale, na nywele za kweli za binadamu kichwani. Nta hailisubiri jua la saa saba. Inalainika na kuteleza, na nywele zinaondoka nayo. Mkishaiyeyusha hakuna fundi wa kuirudisha ilivyokuwa.

Oili chafu na dizeli ni dawa ya nguzo ya uzio. Kwenye kinyago zinazama, haziondoki tena, zinafanya rangi yote iwe nyeusi, zinanasa vumbi, na zinaacha sumu ambayo mtoto wa darasa la tatu ataishika kisha ale embe. Mafuta ya maganda ya korosho nayaheshimu, kwa kuwa wadudu kweli hawayapendi na watu wa kwetu wameyatumia kwenye mbao tangu zamani. Ila mnajua wenyewe yanavyounguza ngozi ya wabanguaji. Yakishaingia kwenye mti hayatoki, na doa lake ni la milele. Mafuta ya nazi nayo, kabla hajatokea mtu wa kuyapendekeza: yanachacha, na koga anayapenda.

Njia safi zaidi ya kuua bungua bila sumu ni baridi. Kifungeni kitu kwenye nailoni nzito, toeni hewa kadiri mnavyoweza, zibeni kwa utepe wa gundi, kisha kikae kwenye friza lenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi kwa wiki mbili. Hapo Mikindani hamkosi mwuza samaki mwenye friza kubwa na moyo mzuri. Umeme ukikatika mpaka vitu vikayeyuka, anzeni kuhesabu upya. Mkikitoa, msifungue nailoni mpaka ipite siku nzima, maana maji hujikusanya juu ya kitu baridi kama yanavyojikusanya kwenye chupa ya soda, na tunataka yabaki nje ya nailoni. Vibao vya mbuzi, vikapu, mikeka na mipini ya majembe vyote vinafaa kwa njia hii.

Lipiko halifai, au tuseme siwezi kukuambia ufanye hivyo bila mtu kuliona. Nta ikipoa sana inakuwa kavu na kukatika, na rangi iliyopakwa juu ya mti inaweza kubanduka. Kama wiki mbili zikionyesha wadudu wapo, lifungeni peke yake kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, lisiambukize vingine, likae mahali pa baridi pasipofika jua, kisha watafuteni Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Wana wahifadhi, na kuna namna ya kuua wadudu kwa kuwanyima hewa ya oksijeni ambayo haigusi nta wala nywele. Hiyo si kazi ya kujaribia nyumbani.

Sasa koga, ambaye kwa kweli ndiye adui wenu mkubwa, ila anakuja kimya. Mbegu za koga zipo hewani siku zote, huwezi kuzifukuza. Zinachosubiri ni unyevu. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 65 hadi 70 kwa siku kadhaa mfululizo, zinaamka, na hewa ya pwani yetu mara nyingi huvuka hapo bila kuuliza. Vitabu vya makumbusho ya Ulaya vitawaambia mshikilie asilimia 50. Msijisumbue. Nimeona chumba kikiwekewa kiyoyozi kinachowashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa tisa na nusu mchana kila siku, na mbao zikapasuka kuliko zilivyokuwa bila hicho kiyoyozi, kwa sababu kupanda na kushuka kwa unyevu kila siku kunauchosha mti kuliko unyevu wenyewe. Kwa chumba chenu, hewa inayotembea inatosha kuliko mashine: madirisha ya pande mbili yenye wavu, feni, rafu zilizoacha sakafu angalau shubiri moja na kuacha ukuta upana wa mkono. Kabati lisigusane na ukuta wa nje. Nunueni kidude cha kupima unyevu, si ghali, mwandike namba zake asubuhi na jioni. Kitu chenye koga kitoeni nje kivulini siku kavu, mfute kwa brashi huku mmevaa barakoa, kila mara mkielekeza vumbi mbali na chumba. Msifute kwa kitambaa kibichi. Mtakuwa mmemwagilia bustani.

Salfa iondoeni. Kijana alikuwa na nia njema. Ameona inavyotibu ubwiriunga kwenye majani ya mkorosho akafikiri unga mweupe wote ni ndugu. Lakini salfa inashambulia madini. Heller ni za shaba, na kama kuna rupia ya fedha humo, zitaanza kuwa nyeusi, na karatasi nazo hazitapona. Zoeni kwa brashi, mvae barakoa na miwani, msipulize.

Ukuta unaotoa chumvi unahitaji fundi, lakini kabla ya fundi nataka mwelewe kinachotokea. Nyumba za mawe za pwani yetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo unavuta maji kutoka ardhini na kuyatoa kupitia usoni mwake, polepole, kama mtungi unavyotoa jasho. Ndivyo ulivyokusudiwa. Mtu akija kuupiga lipu ya saruji, kwa kudhani anauimarisha, maji yanakosa pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, yanabeba chumvi, na chumvi ikikauka nyuma ya lipu inavimba na kuibandua vipande vipande. Kisha mtu anaona lipu imebanduka, anaongeza saruji. Nimekutana na nyumba zilizofanyiwa hivyo mara tatu. Kagueni kwanza nje: kuna udongo uliorundikwa kwenye ukuta? Bati linamwaga maji chini ya ukuta? Bomba la jirani linavuja? Mara nyingi nusu ya tatizo inaondoka kwa jembe na mfereji. Kubandua saruji na kurudisha chokaa ni hatua ya pili, na kwa nyumba ya umri huo msiiguse kabla ya kuwauliza Idara ya Mambo ya Kale. Boriti ikianza kupinda au ukuta ukionyesha ufa unaopitisha vidole, fungeni chumba siku hiyo hiyo. Hakuna sarafu yenye thamani ya mtoto wa mtu.

Barua zimeniuma, sikufichi. Laminesheni ni joto na gundi: gundi inayeyuka, inaingia kwenye nyuzi za karatasi na kuganda humo. Hapo karatasi na plastiki vimeshakuwa kitu kimoja, na asidi iliyokuwa ndani ya karatasi imefungiwa nayo. Msijaribu kuzibandua, msizipashe pasi, msizitie kwenye maji. Zipigeni picha vizuri mbele na nyuma, zikae gizani, zisubiri mhifadhi wa karatasi. Zilizobaki ziwekeni bapa, moja moja, katikati ya bafta iliyofuliwa mara mbili kwa maji matupu ili wanga utoke. (Mama mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini nazivika karatasi sanda. Sikuwa na jibu zuri.) Hakuna selotepu, hakuna pini za chuma, hakuna kalamu ya wino karibu, penseli tu. Zisomeni mapema, kabla walimu wa madrasa wa umri wenu waliozoea khati za zamani hawajaondoka, na mkikwama, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina watu wanaoishi na maandishi ya namna hiyo.

Nimeulizwa kuhusu wadudu na koga, lakini kinachonitisha zaidi kwenye barua yako ni kitu ambacho hukuuliza. Hukuniambia lipiko limetoka kwa nani. Limechongwa wapi, Newala, Tandahimba, au ng'ambo ya Ruvuma? Lilichezwa na nani, mwaka gani wa jando, liliitwaje? Mti ukitunzwa vibaya unaweza kuishi miaka thelathini mingine. Mtu anayejua majibu hayo ana miaka themanini na kitu.

Tendaguru ni jirani yenu, kule bara ya Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale, mamia ya watu wa kwetu wakaibeba mabegani na vichwani hadi bandari ya Lindi, na leo mmoja wa wanyama hao amesimama Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13. Wabebaji wengi hawana jina mahali popote. Msimamizi wa wafanyakazi wa pale, Boheti bin Amrani, aliandikwa, na karibu miaka mia baadaye, mwaka 2007, wataalamu walipompa jina dinosaria mmoja wa pale waliliweka jina lake humo: Australodocus bohetii. Tofauti ya Boheti na wale wengine ni daftari.

Kwa hiyo nunueni daftari gumu la kurasa zenye mistari, lisilochanika. Kila kitu kipate namba, kipimo, picha, tarehe ya kuletwa, jina la aliyeleta, maneno yake mwenyewe kuhusu kitu hicho, na kama ni zawadi au amana. Hili la mwisho msiliruke. Amana mwenyewe anaweza kuirudia, zawadi haidaiwi. Nimeona ndugu wanne wakigombea kisu cha baba yao ambacho mmoja alikileta makumbusho bila kuwauliza wengine, na aliyetukanwa alikuwa mtunza chumba. Wekeni sahihi, na shahidi wa ukoo. Nakala ya daftari ikae nyumba nyingine, picha zikae kwenye simu mbili. Mnakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilivyokata barabara ya kwenda Dar. Paa moja likiezuliwa, daftari ndilo litakalobaki.

Daftari linasaidia pia kwenye wizi. Mwaka 1984 vitu viliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kikiwamo kinyago cha Kimakonde. Kilikuja kutambuliwa Uswisi, kwenye makumbusho ya Barbier-Mueller, Geneva, na kikarudi nyumbani Mei 2010. Miaka ishirini na sita. Hebu fikiria kingekuwa hakimo kwenye orodha yoyote, nani angeweza kudai kuwa ni chetu?

Na hapo tunafika kwenye mlango. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya 1940 ni vitu vinavyolindwa, na vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863 vina ulinzi wake. Kuviuza au kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa, hata kama fremu ni ya urithi wenu na mgeni ni mpole. Mwambieni hauuzwi, mwandike kwenye daftari kwamba aliuliza. Kisha nendeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri na barua inayoeleza mlichonacho, awaelekeze kwa Mambo ya Kale. Watu huogopa kwamba serikali ikijua itakuja kuchukua vitu. Uzoefu wangu ni kwamba anayejitokeza mapema hupata ushauri, na anayegunduliwa ndiye hupata maswali.

Kuhusu watoto, gawanyeni vitu mafungu mawili. Vya kwenye daftari havishikwi. Vya kushikwa nunueni sokoni: kibao cha mbuzi kipya, kinu, chungu, mkeka, hata kipande cha ukuta wenu kilichobanduka. Mtoto akikuna nazi mwenyewe ataelewa kibao cha bibi yake kilichopo kwenye rafu kuliko hotuba ya nusu saa. Wasizidi kumi na watano chumbani kwa mara moja, maana pumzi zao pia ni unyevu.

Lipiko sasa. Sina hukumu ya kuwapa, na jihadharini na mtaalamu yeyote atakayewapa. Mapiko ni mambo ya jando. Aliyevaa hatajwi, na kwa walioapishwa siri hiyo haijaisha kwa sababu tu sasa wapo wachongaji wanaouza vinyago vya kupamba ukuta. Wengine watakuambia mapiko yanachezwa hadharani siku hizi, wanawake wakitazama, na ni kweli. Lakini kutazama ngoma na kuliona lipiko limelala mezani, tupu, ndani yake wazi, si kitu kimoja. Waiteni wazee wa jando wa upande lilikotoka, si wa Mikindani tu, muwaulize lionyeshwe vipi. Wanaweza kusema likae nyuma ya pazia, au lionwe kwa mbele tu, au lisionwe. Lolote watakalosema, liandikeni na mlifuate. Wakinamama wa kikundi chenu waulizwe pia kama wako radhi kulisafisha. Usiwapangie zamu kwanza ukawauliza baadaye.

Vijana hawapotei, Mwalimu. Wanakwenda kwenye korosho. Kuanzia Septemba, Oktoba mpaka mwisho wa mwaka hamtampata mtu, na msimlaumu. Kazi nzito, kuhamisha rafu, kuorodhesha, kusafisha, ipangeni Juni hadi Agosti, wakati wa kusi, hewa ikiwa kavu na baridi kidogo. Bahati mbaya mvua huanza watu wakiwa bado mashambani, na ndio wakati koga anaamka, kwa hiyo zamu ya kukagua kuanzia Novemba iwe ya ninyi wastaafu: robo saa, tochi, brashi, daftari la unyevu. Kwa vijana, mpe kila mmoja kazi yenye mwisho. Usimwambie "njoo usaidie makumbusho". Mwambie "picha hizi arobaini ni zako, uzipe namba, ukimaliza jina lako linaandikwa kwenye daftari". Funguo zishikwe na watu wawili, na chumba kisifunguliwe na mtu mmoja peke yake, hata kama ni wewe. Utaratibu huo unamlinda mtu mwaminifu siku kitu kikikosekana.

Kesho ondoeni salfa na inueni vitu kutoka sakafuni. Wiki mbili za karatasi nyeusi zianze. Na Jumamosi hii mwende kwa mzee aliyesema oili chafu, asubuhi, kabla hajachoka. Msiende kumsahihisha. Mpelekeeni picha ya lipiko, muwashe kinasa sauti cha simu, mumwulize yeye alilijua tangu lini.